Mstari wa Msimu wa Thelathini na Mbili

Jumamosi, 3 Februari

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata Mama. Daftari la klabu ninaliandika mimi, si Babu. Msimu unaoanza kesho utakuwa wa tatu.

Watu wote wa Kijani, klabu yetu ya mpira, wanajua kwamba Babu ndiye mtunza kumbukumbu. Tangu klabu ianzishwe, misimu thelathini na mmoja, kila mechi ameiandika kwa mkono: tarehe, matokeo, wafungaji, kadi, dakika. Msimu ukiisha anajumlisha yote katika mstari mmoja, na mchoraji wa mabango anaunakili ukutani, kwenye ule ujia mrefu chini ya jukwaa kuu. Misimu ya kawaida huandikwa kwa rangi nyeupe, misimu ya ubingwa kwa rangi ya dhahabu. Mistari ya dhahabu ni minane. Wachezaji wakitoka chumba cha kubadilishia nguo lazima waupite ukuta huo, na wageni pia. Babu anasema wageni huwa wameshafungwa bao moja kabla hawajaona nyasi.

Lakini macho ya Babu yameingia ukungu. Mwanzoni alilaumu taa, kisha miwani, kisha wino. Siku moja akanisukumia kalamu. "Andika wewe, mjukuu wangu. Siri ya mimi na wewe." Nikajifunza kuiga mwandiko wake, saba yake yenye mkanda tumboni na moja yake yenye kofia. Uwanjani tunakaa safu ya juu kabisa, yeye kwenye kiti chake, mimi kwenye kigoda. Namnong'oneza, yeye anaamua, mimi naandika. Watu wanadhani nimekuja kumshikia mwavuli.

Darasani sinyanyui mkono. Mwalimu wa historia ameandika kwenye ripoti yangu: "Yuko kimya mno." Angenisikia sikioni kwa Babu, dakika tisini bila kumeza mate, asingeamini.

Shajara hii naianza kwa sababu daftari la klabu halina nafasi ya "nadhani". Babu hataki kulisikia neno hilo. "Umeona au hukuona?" Kwa hiyo nadhani zangu zote zitakaa hapa.

Jumapili, 4 Februari

Tumeshinda 2–0. Ukurasa mzima bila doa. Babu aliupapasa kwa kidole, akasema wino bado mbichi. Hiyo ndiyo sifa yake ya juu kabisa.

Alhamisi, 22 Februari

Leo baada ya shule nilimpitia Babu klabuni. Viatu vya Mama Katibu nilivisikia kabla sijamwona, ko, ko, ko, ujia mzima. Ndiye katibu wa klabu tangu mwaka juzi. Shingoni ana funguo kama za bohari, na kila karatasi inayopita mezani kwake lazima ipigwe muhuri. Anataka kumbukumbu zote ziingie kwenye kompyuta.

"Mzee, siku daftari hili likianguka kwenye ndoo ya maji, historia yetu imekwisha."

"Na siku umeme ukikatika?"

"Ukirudi, ipo palepale."

"Na mimi nikitoka chooni nikirudi, nipo palepale."

Wakacheka wote wawili, ila kicheko cha Mama Katibu kilikuwa kifupi. Kisha akanigeukia. "Na wewe binti, mwandiko wako ukoje?"

"Mbaya," nikasema, nikatazama viatu vyangu.

Nadhani anatuwinda. Anakitaka kile kiti cha Babu.

Jumapili, 10 Machi

Sare, 1–1. Kufuli amepewa kadi ya njano kwa kuzozana na mwamuzi. Kufuli ni nahodha wetu, beki wa kati, namba 6. Akifunga njia hapiti mtu. "Kufuli lile," Babu alisema, "linafunga kila kitu isipokuwa mdomo wake."

Kadi si jambo la kucheka sana. Mchezaji akifikisha tatu, mechi inayofuata hachezi. Ofisi ya ligi haimkumbushi mtu. Kila klabu inajihesabia, na ofisi inafungua ripoti za waamuzi pale tu mtu anapolalamika. Ukimchezesha aliyefungiwa, hata kama umeshinda kumi kwa bila, unaandikiwa umefungwa tatu bila. Ndiyo maana kila Ijumaa Kocha huja kwa Babu kabla ya kupanga majina. "Mzee, nani ana ngapi?" Babu hujibu kwa kichwa, na kichwani mwake yamo yale niliyoandika mimi.

Jumapili, 17 Machi

Tumeshinda 3–0. Jua kali. Nimeungua pua.

Jumapili, 31 Machi

Tumeshinda 1–0. Nimeharibu. Bao la dakika ya 34 nililiandika dakika ya 43. Nikatafuta kifutio cha wino kwenye mkoba, Babu akanishika mkono kama aliyeniona.

"Daftari hili halifutwi. Piga mstari mmoja juu ya kosa, lisomeke bado. Pembeni andika lililo sahihi, na aliyekosea atie sahihi."

"Kwa nini lisomeke bado?"

"Ili anayekuja baadaye ajue tulikosea wapi, asitushangae."

Akanitajia makosa yake kwa msimu na kwa mechi, kumi na moja yote, kama mtu anayetaja watoto wake. Kisha akatia sahihi kosa langu kwa jina lake, kwa kupapasa. Sahihi ilipanda mlima, lakini ilikuwa yake. Hili lilinikaa vibaya siku nzima. Kosa halikuwa lake.

Jumapili, 14 Aprili

Ugenini, ng'ambo ya reli, kwa wapinzani wetu wakubwa. Walivaa nyekundu, sisi kijani, na dakika ya ishirini wote walikuwa rangi ya tope. Mvua haikunyesha, ilimwagwa. Jukwaa lao halina paa. Spika ya uwanja ilikoroma mara mbili ikafa, kwa hiyo hakuna aliyetangaza wafungaji wala kadi. Nilifunika daftari kwa mfuko wa plastiki na kuingiza mkono ndani kama daktari wa ng'ombe.

Sare, 1–1. Dakika ya 71, namba 16 wetu, beki wa kushoto tunayemwita Dogo, alimkata miguu winga wao. Nilimwinamia Babu kumweleza. Makelele yalikuwa makubwa, ikabidi nirudie mara mbili. Niliponyanyua kichwa, kadi ya njano ilikuwa juu tayari. Mbele ya mwamuzi walisimama Dogo na Kufuli bega kwa bega, wametapakaa tope. Dogo alikuwa ameshika kichwa.

"Ya nani?" Babu aliuliza.

Nadhani ni ya Dogo. Lakini kwa Babu nilisema tu: "Kumi na sita."

Tukiwa na shaka, kanuni ya Babu ni kuacha nafasi wazi na kwenda kumuuliza mwamuzi baada ya filimbi. Baada ya filimbi mwamuzi alisimama peke yake chini ya mwavuli, hatua thelathini kutoka kwetu. Hatua thelathini, kisha kumsemesha mtu mzima nisiyemjua mbele ya mashabiki wa ng'ambo ya reli. Nikafunga mkoba.

Jumatatu, 15 Aprili

Jirani yangu wa dawati tunamwita Redio, maana hazimiki. Ni shabiki wa ng'ambo ya reli. Kaka yake ndiye Babu wa kwao, anawaandikia kumbukumbu. Asubuhi nzima: "Mvua imewaokoa, mvua imewaokoa." Nilisoma kitabu changu.

Jumapili, 5 Mei

Tumefungwa 2–1. Mechi ya kwanza kupoteza msimu huu. Ndani ya basi la timu hakuna aliyesema neno mpaka Babu akauliza, "Dereva, na wewe umefungwa? Mbona tunatembea?" Hapo ndipo watu wakapumua.

Jumapili, 19 Mei

Tumeshinda 4–0. Babu alipitisha mkono pembeni ya glasi ya maji mara mbili kabla ya kuishika. Mama aliona. Mama ni fundi cherehani, jicho lake halipitwi na uzi. "Baba, twende hospitali ya macho."

"Msimu ukiisha."

"Msimu uliopita ulisema hivyohivyo."

Najua kwa nini hataki. Akienda, watamfunga bandeji, klabu itajua, kiti kitaondoka. Nikaendelea kula. Chakula kilikuwa kama karatasi.

Jumapili, 9 Juni

Tumeshinda 2–0. Ng'ambo ya reli nao wameshinda.

Jumapili, 16 Juni

Tumeshinda. Nao wameshinda. Nimechoka kuandika "nao".

Jumapili, 23 Juni

Tumeshinda 3–1! Imebaki mechi moja. Sisi pointi 50, ng'ambo ya reli 48, na mechi yenyewe ni sisi na wao, kwetu, Jumapili ijayo. Sare tu inatosha tuwe mabingwa kwa mara ya tisa. Nimeanza kuota kwa rangi ya dhahabu.

Dakika ya 88 Kufuli alipewa kadi ya njano kwa kupoteza muda. "Ya pili," nilimnong'oneza Babu.

"Bahati yake. Ingekuwa ya tatu, Jumapili angekuwa shabiki."

Jumatano, 26 Juni

Leo lazima niandike yote.

Wakati wa mapumziko Redio aliniudhi kama kawaida. Mara nikamjibu, jambo ambalo silifanyi. Nikasema Jumapili Kufuli atamweka mshambuliaji wao mfukoni.

"Aaa, mwacheni tu acheze," Redio akasema, kisha akajiziba mdomo kwa mikono miwili.

"Una maana gani?"

"Sina maana."

"Redio."

"Nimemwahidi kaka sitasema." Alivumilia labda nusu dakika. Alikuwa anahangaika kama mtu anayetaka kupiga chafya. "Haya, lakini hukusikia kwangu. Kufuli wenu ana kadi tatu. Kaka amezihesabu. Mkimchezesha, hata mkitufunga, Jumatatu tunaandika barua, ubingwa unavuka reli. Kwa hiyo kaka anasema wote tunyamaze, na mimi ninanyamaza."

"Ana mbili. Nimeandika mwe—" Nikauma ulimi. "Babu ameandika mbili."

"Basi babu yako alisinzia siku ile ya mvua kwetu. Kufuli alimwambia mwamuzi akanunue miwani. Kaka alikuwa amesimama pale kwenye kamba. Akasikia, akaona."

Vipindi vilivyofuata sikumbuki kilifundishwa nini. Nilifika nyumbani nikafungua shajara hii, tarehe 14 Aprili. Ipo hapo kwa mwandiko wangu mwenyewe: "Nadhani ni ya Dogo."

Daftari la klabu linasema namba 16, dakika ya 71, bila shaka yoyote. Ni mimi niliyeitoa ile shaka.

Alhamisi, 27 Juni

Asubuhi niliandika barua fupi kwa Kocha: "Usimchezeshe namba 6, ana kadi tatu." Bila jina. Nikaisoma. Ningekuwa Kocha ningeitupa, ningesema ni hila za ng'ambo ya reli. Nikaichana vipande vipande.

Jioni nikamwambia Babu. Nilimsomea shajara, maneno yote, na zile hatua thelathini. Alikuwa amekaa kitandani, mikono juu ya magoti. Sijawahi kumwona mdogo vile.

"Lete daftari na kalamu," akasema. "Nitapiga mstari, nitatia sahihi. Watasema mzee amechoka, basi."

"Lakini hukukosea wewe."

"Daftari ni langu."

"Kosa ni langu, Babu. Umesema aliyekosea atie sahihi."

"Ukiweka jina lako pale, watajua kwamba sioni. Kile kiti tumekikalia mara ya mwisho."

"Na tukinyamaza?"

"Tukinyamaza, Kufuli atacheza, na wale watoto watanyang'anywa kitu walichokimbilia msimu mzima." Akajifuta macho kwa kiganja, yale macho yasiyomsaidia tena kwa lolote. "Mjukuu wangu, mimi ndiye niliyekukosesha. Nilikupa kalamu, sikukupa jina."

Mama alikuwa amesimama mlangoni na futi yake shingoni. Sijui tangu lini. "Macho ya baba yangu yamefika hapo," akasema, "na nyinyi wawili mnacheza maigizo?" Hakupiga kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi. Kisha akakaa kitandani katikati yetu, akatushika mikono, mmoja huku mmoja huku.

Ijumaa, 28 Juni

Nilivaa sare ya shule iliyopigwa pasi na Mama mara mbili. Babu alinishika bega, na safari hii hakujifanya kwamba ananiongoza yeye. Tulipita ujia wa ukuta. Mistari thelathini na mmoja, minane ya dhahabu. Nilihisi yote inanitazama.

Ofisini walikuwepo Mama Katibu na Kocha. Kocha alikuwa na ubao wake wa majina. "Mzee, nimekuja kukufuata. Nani ana ngapi?"

Babu akasema, "Muulize mtunza kumbukumbu," akanisukuma mbele.

Wote wakanitazama. Nilitamani sakafu ipasuke. Nikafungua daftari juu ya meza, nikapiga moyo konde, nikasema. Sauti ilitoka kama mlango usiotiwa mafuta, lakini ilitoka. Nikasema kuhusu misimu miwili, kuhusu macho, kuhusu mvua, kuhusu mwamuzi chini ya mwavuli. "Kufuli ana tatu," nikamalizia. "Ile mbili ya daftarini ni kosa langu."

Kocha akaweka ubao chini polepole. "Namba sita? Beki wangu? Jumapili?" Akaanza kuzunguka chumba. Akatoka mlangoni, akarudi na Kufuli na Dogo, wote jasho la mazoezi.

"Ile kadi ya kwenye mvua," akawauliza, "ilikuwa ya nani?"

"Yangu," akasema Dogo. "Si nilimkata yule winga?"

Kufuli akakuna kichwa. "Mimi nami nilidhani ni ya Dogo. Ila…"

"Ila nini?"

"Nilikuwa nimemwambia mwamuzi akanunue miwani."

"Mungu wangu," akasema Kocha.

"Kocha, hata wewe ungemwambia! Alikuwa anapuliza filimbi kama anapuliza moto wa kuni."

Mama Katibu alinitazama mpaka nikahesabu funguo zake, kumi na nne. Kisha akachukua mkoba. "Maneno hayatoshi. Ripoti ya mwamuzi iko ofisi ya ligi, inafungwa saa kumi. Msiondoke hapa." Na viatu vikaenda, ko-ko-ko-ko, sijawahi kuvisikia vikikimbia.

Tulikaa saa nzima na nusu. Dogo alinipa nusu ya chungwa lake. Kufuli alisimama dirishani, mgongo wake umejaa dirisha zima. Nilijua nimemtoa kwenye mechi kubwa kuliko zote maishani mwake, na nilisubiri anitukane. Akageuka. "Dada mdogo, ulikuwa na hofu ya kumuuliza mwamuzi?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Ungenipa mimi hofu hiyo kidogo, tusingekuwa hapa."

Kocha alicheka kwa nguvu, mpaka Babu naye akacheka, na mimi nikagundua kwamba ninalia.

Mama Katibu alirudi na karatasi yenye muhuri. Akasoma: "Dakika ya sabini na moja, namba sita, nahodha, lugha isiyofaa." Akaketi. Nilingoja lile neno kuhusu kiti. Badala yake akageuza daftari kuelekea kwangu na kunipa kalamu yake mwenyewe.

Nikapiga mstari mmoja juu ya 16. Pembeni nikaandika 6. Nikatia sahihi, jina langu lote, kwa mwandiko wangu.

Akainama akaitazama. "Hii angalau inasomeka. Ya babu yako nimeisoma miaka miwili bila kuelewa." Kisha akamgeukia Babu, na sauti yake ikabadilika. "Mzee, umekaa gizani misimu miwili kwa ajili ya kiti? Nani alikwambia kiti kile ni cha macho? Wewe unajua kufungwa kwetu kote kwa dakika. Kompyuta nilitaka ikuhifadhi wewe, si ikufukuze."

Babu akavua miwani yake, akaifuta kwa shati.

Kwa hiyo miaka miwili nilimwogopa mtu asiyekuwepo.

"Jumatatu asubuhi," Mama Katibu akasema, "ninakupeleka hospitali ya macho mimi mwenyewe. Na Jumapili mtakaa palepale, wote wawili. Kocha, panga timu."

Kocha alikuwa ameshafuta namba 6. Akamtazama Dogo kwa muda. "Utacheza katikati."

Dogo alimeza chungwa na mbegu zake.

Jumamosi, 29 Juni

Sikula. Mama pia hakula. Babu alikula sahani tatu.

Jumapili, 30 Juni

Kama kesho sitaamka, basi nimeshaishi.

Uwanja ulijaa kabla ya saa saba. Jina la Kufuli halikusomwa, na jukwaa zima likaguna. Upande wa mashabiki wa ng'ambo ya reli nikamwona Redio karibu na kaka yake. Kaka alifungua kijitabu, akakifunga, akamgeukia dada yake taratibu. Redio akatazama mawingu.

Kufuli alipanda ngazi zote akaja kukaa kwetu, na suti yake iliyombana mabega. "Babu, leo nitakutangazia mimi." Dakika kumi za kwanza alitangaza hivi: "Aaa! Ooo! Jamani! We! WE! Aaah."

"Kijana," Babu akasema, "nataka habari, sitaki mshindo. Mjukuu wangu, endelea."

Nikamwinamia. "Hapana," akasema. "Sema kwa sauti. Na mwenzetu asikie, naye leo haoni, amefumba macho." Kweli Kufuli alikuwa amejifunika uso kwa tai. Basi nikasema kwa sauti. Mwanzoni ndogo. Kisha watu wa safu iliyo mbele yetu wakageuka, maana nguzo ya paa iliwazibia goli la kusini, wakaanza kuniuliza: "Ni kona? Nani anapiga?" Nikawajibu. Nilikuwa nawatangazia watu wazima kumi na watano na sikuona ajabu mpaka sasa hivi ninapoandika.

Dakika ya 29 tulifunga. Kiungo wetu, mguu wa kulia, nje ya boksi, kona ya chini. Dakika ya 52 wakasawazisha kwa kichwa, pale hasa ambapo Kufuli angekuwa amesimama. Alitoa sauti kama amekanyagwa kidole. Nikaliandika bao lao kwa herufi zilezile safi nilizoandikia letu. Hivyo ndivyo inavyotakiwa.

1–1. Sare ilitosha, lakini wao walikuja kama mafuriko. Dakika ya 70, 75, 80. Dogo aliruka, aliteleza, alizuia mipira kwa paja, kwa tumbo, mmoja kwa sikio. Kipa wetu alikuwa amepotewa na sauti. Dakika ya 86 tukapata kona, ya kwanza kipindi chote cha pili. Mpira ulipigwa, ukagonga mwamba, ukarudi, beki wao akauondosha kwa nguvu zake zote, ukamgonga Dogo aliyekuwa ameugeuzia kisogo anakimbia kurudi nyuma kulinda. Ukaingia.

Dunia ikapasuka.

"Imeingiaje?" Babu alipiga kelele huku mtu amemkumbatia shingo.

"Kwa mgongo, Babu!"

"Umeona, au unadhani?"

"Nimeona! Namba kumi na sita, dakika ya themanini na sita, mgongo!"

"Basi andika mgongo!"

Nikaandika mgongo. Filimbi ya mwisho ilipolia, Kufuli alimbeba Babu mgongoni na kushuka naye ngazi zote mpaka kwenye nyasi, na Babu akiwa juu anaelekeza njia asiyoiona. Dogo alikuwa amelala kifudifudi katikati ya uwanja, wenzake wanambusu mgongo. Mama, ambaye husema mpira ni watu ishirini na wawili waliokosa kazi, alirusha futi yake hewani na haijapatikana.

Lakini kabla ya kushangilia nilikuwa na kazi moja. Dakika ya 78 ilitolewa kadi ya njano karibu na kibendera, na nguzo ilinizibia na mimi. Nilikuwa nimeacha nafasi wazi. Mwamuzi alikuwa anaelekea mlangoni. Nilishuka, nikapita katikati ya watu, nikasimama mbele yake.

"Samahani, mwamuzi. Kadi ya dakika ya sabini na nane ilikuwa ya nani?"

Akafungua kijitabu chake. "Namba tatu wa kijani."

"Asante."

Hatua zilikuwa zaidi ya thelathini. Sikuzihesabu.

Nikitoka nilikutana na Redio langoni, macho mekundu kama jezi yake. "Mdomo wangu huu," akasema. "Kaka amesema nitalala kwa jirani."

"Njoo ulale kwetu."

"Na kombe mtaweka wapi?" Akanikumbatia hata hivyo.

Jumatatu, 1 Julai

Saa moja asubuhi ujia ulikuwa na harufu ya rangi. Mchoraji wa mabango alikuwa ameshafungua kopo la dhahabu na kusimama kwenye ngazi, anangoja. Babu alisimama pembeni na mkoba mdogo wa hospitali, Mama Katibu naye anacheza na funguo za gari.

Niliketi kwenye kigoda, nikafungua ukurasa wa mwisho, nikaandika mstari. Nilipofika kwenye moja, kalamu ilitaka kuivisha kofia ya Babu. Sikuivisha. Kisha nikausoma kwa sauti ili mchoraji asikie:

"Msimu wa thelathini na mbili. Michezo ishirini na miwili. Kushinda kumi na sita, sare tano, kufungwa mmoja. Mabao arobaini na moja kwa kumi na manne. Pointi hamsini na tatu. Bingwa."

Ujia ulirudisha neno la mwisho.

Nikatia sahihi. Nikamwongoza Babu mpaka kwenye gari, nikamfungia mlango, nikaenda shule. Kipindi cha kwanza kilikuwa historia. Mwalimu aliuliza swali, nikanyanyua mkono.